Kesho ya Dresa

Wakati wa Mwingereza neno "kesho" lilikuwa tusi. Umetembea tangu alfajiri na shida yako mpaka bomani, karani anakutazama miguu kwanza, halafu anakwambia njoo kesho. Maana yake ondoka. Kesi ya mpaka kwenye baraza, kesho. Kibali cha kupitisha mifugo, kesho. Nimemfahamu mtu mmoja tu ambaye akisema kesho watu waliamka mapema na kuja wakikimbia, hata wenye mguu mmoja mbovu. Nilikuwa mmoja wao, na ninajivunia.

Mtu huyo alikuwa dresa wetu. Dresa, kwa vijana wasiojua, ni yule aliyefunga vidonda kwenye zahanati za zamani. Hakuwa daktari, na ukimwita daktari alikukatalia hapo hapo. Zahanati yetu, upande wa Mungaa, ilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye baraza mbele, na humo yeye ndiye alikuwa mtia dawa, mwandishi, mfagiaji na mlinzi. Jina lake nalijua. Siliandiki kwa sababu halikutumika. Mke wake mwenyewe alimwita Dresa, hata akiwa amemkasirikia.

Alikuwa Mnyiramba katikati ya Wanyaturu, na hilo peke yake lilimpa maneno ya utani ya mwaka mzima. Alikuwa mwembamba, shati lake limepigwa pasi ya mkaa, kaptula ndefu inafika magotini, na kofia ya Kizungu iliyobonyea upande mmoja. Mikono yake ilinuka sabuni ya dawa kiasi kwamba mbwa walimkimbia. Alikuwa na tabia ya kuzungumza na kidonda badala ya mwenye kidonda. Anainama, anakitazama, anakiuliza, "Haya, jana ulikula nini?" Ukijibu wewe, anakwambia nyamaza, sikukuuliza wewe.

Alikuwa mbahili wa bandeji kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akibana kitu. Serikali ilimletea kidogo, naye alizifua, akazichemsha kwenye sufuria kubwa nje ya baraza, akazianika kwenye kamba, akazikunja, akazitumia tena mpaka ziwe kama utando wa buibui. Mtu akienda nyumbani na bandeji asiirudishe, Dresa alimfuata kwake kwa miguu, mbele ya wakwe zake kama ni lazima. Lakini huyo huyo alimpa mama mmoja blanketi lake mwenyewe la kumfunikia mtoto, akalala na baridi yetu ya mwezi wa saba, na ukimtajia habari hiyo alikana.

Alikuwa pia mtu asiyemaliza kitu chake. Nyumba yake ilikuwa na chumba kisicho na paa kwa miaka yote aliyokaa kwetu. Shamba lake la uwele lililimwa nusu, nusu nyingine ikawa malisho ya mbuzi wa jirani. Alianza kuchonga kiti, akaishia miguu mitatu, akakikalia hivyo hivyo kwa kukiegemeza ukutani. Kazi ya kumalizisha aliifanya kwa watu wengine tu. Hapo hakuwa na mchezo.

Mimi nilifika kwake na mguu. Wakati huo nilikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na nasema bila kuomba radhi kwamba nilijitengeneza mwenyewe. Shule yangu ni darasa la pili, tena la pili halikuisha. Nilianza kwa kubeba ngozi za mbuzi kichwani, nikanunua mbuzi, mbuzi nikawabadili kwa ndama, mpaka nikawa naswaga kundi langu mwenyewe kutoka Mkalama hadi kwenye reli Manyoni. Katika safari moja mwiba ulinichoma juu ya kifundo cha mguu. Niliudharau. Ukawa donda, donda likawa donda ndugu, nyama inaoza na mimi natazama.

Dresa alilitazama akasahau kuliuliza lilikula nini. Aliinua uso akasema na mimi mwenyewe, na hapo nikajua hali ni mbaya.

"Utakuja kila siku mpaka nyama nyekundu ifunge," akasema. "Ukiacha katikati utaniletea mguu niukate, na msumeno sina."

Nikamwambia nina kundi la kuswaga mwezi ukiandama. Akasema ng'ombe wana miguu minne, wanaweza kungoja mwenye miwili.

Shida yake kubwa ilikuwa hiyo kwa kila mtu. Mgonjwa anakuja akilia, anatiwa dawa ya zambarau, anafungwa, maumivu yanapungua, haonekani tena. Baada ya mwezi analetwa na machela. Dresa alikuwa ameomba, ametisha, ametukana, na alishachoka.

"Ninyi Wanyaturu mnaweza kumngoja mtamba mpaka azae," alikuwa akisema, "lakini kidonda kikiacha kuuma tu, mmekwenda."

Pale barazani alikuwapo Mzee Njiku, mzee wa makamo ya baba yangu, mwenye kidonda cha zamani kwenye ugoko na ulimi mkali kuliko kidonda. Akamuuliza, "Na ninyi Wanyiramba mnangoja nini?"

"Tunangoja Wanyaturu wapone turudi kwetu."

Sasa nifike kwenye vitabu. Bibi mmoja wa Kizungu wa misheni, alipokuwa anarudi kwao kwa uzee, alimwachia Dresa sanduku la vitabu vya hadithi. Vilikuwa vya zamani hata kwa Wazungu wenyewe, walioviandika walishakufa siku nyingi, na baadhi vilikuwa vimegeuzwa kwa Kiswahili. Siku hizi wasomi wanaviita riwaya. Dresa aliona dawa humo. Kila siku, baada ya kumfunga mgonjwa wa mwisho, alitia bandeji chafu kwenye sufuria, akawasha moto, akanawa mikono, akafungua kitabu na kutusomea kwa sauti. Alisoma mpaka maji yachemke. Maji yakichemka alifunga kitabu, hata kama sentensi iko katikati, hata kama mtu ameinua mkono kupiga na hajashusha.

"Kesho," anasema, na anakwenda kukoroga bandeji zake.

Siku ya kwanza niliposikia anataka kusoma hadithi nilikasirika, na sikuwa peke yangu. Kwanza, kwetu hadithi ni ya usiku. Ukisimulia hadithi mchana, ng'ombe wako hawarudi zizini. Hilo kila mtoto analijua, na mimi ng'ombe ndio maisha yangu. Pili, hata usiku, hadithi ni za bibi na wajukuu. Mtu mzima aliyekwenda mpaka Manyoni kwa miguu akae asikilize habari za watu ambao hawakuwahi kuzaliwa? Tena Wazungu? Tena wa zamani? Nilidhani nitasikia watu wanakunywa chai na kulilia mapenzi. Nikasema wazi kwamba uongo ninao wa kutosha mnadani.

Mzee Njiku aliniunga mkono kuhusu mchana. Akamwambia Dresa kwamba jua likiwa juu hivi, huo ni mwiko.

Dresa hakubishana. Alitazama jua, akatazama kitabu, akasema, "Hadithi hii ni ya Ulaya. Na huko Ulaya, saa hizi, ni usiku."

Wazee wakatazamana. Mzee Njiku akafikiri, akauliza kama ni usiku wa manane au wa jioni. Dresa akasema jioni, ng'ombe wao wameshaingia. Basi ikakubalika. Miaka mingi baadaye nilikutana na mtu aliyekwenda vitani ng'ambo, akanicheka, akasema jua letu likiwa juu na wao wanaliona. Nilimrudia Dresa na habari hiyo. Mtu yule, ambaye alikuwa akikemea uongo mpaka wa utani, aliniuliza tu, "Ng'ombe wako walipotea?" Nikasema hapana. "Basi," akasema, akaendelea na kazi yake.

Kitabu kile cha kwanza kilihusu mjane wa mwenye kinu. Si kinu cha kutwangia, ni nyumba nzima yenye mawe ya kusagia, na mawe yanazungushwa na mto. Hapo hapo Mzee Njiku akasema sasa amejua ni uongo, kwa sababu mto gani huo usiokauka kiangazi. Dresa akaapa upo. Mume amekufa, mjane amebaki na kinu na mtoto mchanga. Shemeji yake anakuja na watu wake kudai kinu cha ndugu yake, naye mjane anawafungia mlango.

Barazani tukasema ni haki yake. Ndugu amekufa, anayerithi ni ndugu, anachukua mji na mjane ndani yake. Mbona mwanamke anafunga mlango? Mkaidi huyo. Mama mmoja aliyeleta mtoto mwenye macho mabovu akasema na yeye angefunga, na wazee wakamwambia atazame mtoto wake.

Ndipo Dresa akainua kichwa akatueleza kwamba huko hawamrithi mjane. Wanataka kinu tu.

Mzee Njiku akauliza, "Anachukua kinu, mwanamke anamwacha?"

"Anamwacha."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

"Basi huyo ni mwizi," akasema Mzee Njiku, na baraza lote likageuka kwa neno moja. Maji yakachemka. Kesho.

Nilijiburuta mpaka nilikofikia na nilikuwa sioni njia. Baba yangu alipokufa mama yangu alikataa kurithiwa, na watu wa baba wakachukua ng'ombe wote, wakamwacha yeye na mimi mgongoni mwake. Alinilea kwa kupepeta uwele wa watu. Mpaka anakufa alikuwa akiitwa mkaidi, na neno hilo lilimfuata kama jina. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akilisema jambo lile kwa sauti, mbele za watu, kwa jina lake halisi. Sasa limesemwa na mzee wa Kinyaturu kuhusu mwanamke wa Kizungu aliyeandikwa na mtu aliyekufa.

Siku iliyofuata nilikuwa wa kwanza barazani. Dresa alinikuta nimekaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu, akanitoa.

Kuanzia hapo ikawa vita. Shemeji anaziba mto juu ili kinu kisimame. Mjane anasaga kwa mikono. Mchungaji wa kanisa la kijiji, mtu mwoga, anajua ukweli na hausemi. Sisi tulimchukia yule mchungaji kuliko shemeji. Watu walianza kuja wenye afya, wanachechemea kwa makusudi, Dresa anawapekua anawafukuza. Wenye vidonda halisi hakupotea hata mmoja. Na Mzee Njiku alibuni ujanja wake. Wakati Dresa macho yako kitabuni, mzee anasogeza fimbo yake polepole mpaka motoni, anachomoa ukuni mmoja, anauweka kando ili maji yachelewe kuchemka. Wote tunaona, hakuna anayekohoa. Dresa alisoma mpaka mwisho wa sentensi, akasema bila kuinua macho, "Mzee, bandeji iliyomo ni ya kwako." Mzee akaurudisha ukuni.

Mwezi ukaandama, na ng'ombe wangu walikuwa tayari. Mguu hauumi tena, kidonda kimebaki kama ganda la karanga. Wenzangu wakaja zahanati wakanikuta nimenyoosha mguu juu ya kigogo. Wakasema twende, mguu mzima huo. Na ni kweli ningekwenda. Nimeshakwenda na homa, nimeshakwenda na mbavu iliyovunjika. Lakini siku ile mjane alikuwa amesimama mbele ya baraza la kwao, hakimu amemuuliza kwa nini asiondoke kwa amani, amefungua mdomo kujibu, na maji yakachemka.

Niliwaambia wenzangu waende. Wakauliza ni dawa gani hiyo inayonishika. Nikasema kuna kesi naisubiri. Wakacheka mpaka wakakaa chini: mchuuzi mzima ameshikwa na hadithi ya mchana. Wakaswaga. Walipofika bondeni, jeraha la mmoja wao, dogo kuliko langu, lilimrudia, na yule leo angekuwapo angekuonyesha gongo aliloegemea badala ya mguu. Mimi mguu wangu ninao, natembea nao, nalima nao. Wasomi waseme wanavyotaka kuhusu faida ya vitabu. Faida yangu ina vidole vitano.

Na jibu la mjane? Alisema, "Siondoki kwa amani kwa sababu sikuletwa hapa kwa vita." Dresa alilisoma mara moja tu. Mimi nikasimama, mguu umefungwa nusu, bandeji inaning'inia, nikasema mbele ya wote kwamba mama yangu hakuwa mkaidi, alikuwa na kesi na hakuwa na hakimu. Sijui nilitegemea nini. Mzee Njiku, aliyemfahamu mama, alitazama chini, akasema, "Ni kweli. Tuliona." Dresa akasubiri. Halafu akasema, "Kaa chini, unachafua bandeji."

Nilipopona alikataa kunipa kitabu hata kwa siku moja. Alisema anayetaka kukipeleka nyumbani kwanza amsomee ukurasa. Darasa langu la pili likanitosha herufi, halikunitosha maneno. Nilimsomea nikitoa jasho, na yeye anafua bandeji mgongo umenigeukia. "Usisome kama unaswaga," alikuwa akinikemea. "Maneno hayakimbii. Yaache yanywe maji." Nilisoma hivyo kila nilipotoka safari, mpaka siku aliponyoosha mkono, akanipa kitabu cha mjane, akasema kirudi bila mkunjo.

Nilivimaliza vyote vya sandukuni. Kuna cha mzee tajiri aliyejenga ukuta kuzunguka shamba akajifungia nje. Kuna cha ndugu wawili waliogombea mbwa mpaka wakazeeka. Nilidhani Wazungu wa kale ni kama sanamu, nikakuta ni wagomvi wa mipaka kama sisi, waoga kama sisi, na baadhi wana mama kama wangu. Hakuna aliyenifundisha hilo shuleni. Nilijifundisha mwenyewe, kwa mguu.

Dresa alistaafu akarudi kwao, upande wa Iguguno. Chumba chake kisicho na paa alikiacha hivyo hivyo.

Mara ya mwisho inayofaa kuandikwa ilikuwa zile siku ambazo Uhuru ulikuwa unanukia na kila mtu ana neno. Nilikuwa napeleka alizeti kwa lori langu, nikageuza njia kwenda kumwona. Nikamkuta amekaa mlangoni, kofia ile ile, uso umeelekea mahali ambapo mimi sikuwapo. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba, akasema hiyo ni sauti ya mguu wa Mungaa.

Macho yalikuwa yameziba, mtoto wa jicho pande zote mbili. Mke wake alinivuta pembeni akaniambia hospitali ya misheni wamekubali kumpasua, wameita, wameita tena, yeye kila siku anasema kesho. Kesho ya bomani, si ile yetu. Alikwenda siku moja akafika mlangoni akarudi. Tena madaktari wamesema akizidi kuchelewa, hawatamgusa.

Nikarudi nikakaa karibu naye. Sikumwambia habari ya macho. Nilikuwa na kitabu nilichonunua mjini Singida, kigeni kwake, cha zamani pia, kuhusu nahodha aliyerudi nyumbani akakuta kaburi lenye jina lake. Nikamwuliza kama anataka kusikia. Akasema ni mchana. Nikamwambia huko kilikotoka ni jioni, ng'ombe wameshaingia. Alicheka mpaka akakohoa.

Mke wake alikuwa amebandika maji ya ugali hapo nje, karibu nasi. Nikasoma. Sasa nilikuwa nasoma vizuri, niseme kweli, na yeye hakunikemea hata mara moja. Nahodha amefika kaburini. Amesoma jina lake. Nyuma yake kuna mtu anamwita kwa jina hilo hilo, naye anageuka. Maji yakaanza kuimba.

Nikaona fimbo ya Dresa inasogea. Haoni, lakini anasikia moto ulipo. Ilikwenda polepole juu ya udongo, ikagusa jiwe, ikagusa ukuni, ikauvuta nje kidogo.

"Dresa," nikasema, "macho yaliyomo ni ya kwako."

Fimbo ikasimama.

Nikafunga kitabu. Nikamwambia sehemu iliyobaki nitaisomea hospitali, kitandani kwake, na mahali pengine popote sisomi. Kisha akaniuliza, taratibu, kama anauliza kidonda, nani aliyemwita nahodha.

"Kesho," nikasema.

Aliniita mwizi. Akasema nimemwibia dawa yake namtilia mwenyewe. Akasema Wanyaturu hawana shukrani. Nikamuaga, nikaenda kulala kwenye lori langu kando ya barabara, sijui kama nimeshinda.

Nilizinduka kabla jua halijatoka. Mtu alikuwa anagonga mlango wa lori kwa fimbo. Dresa, shati limepigwa pasi, kofia kichwani, kifurushi chini ya kwapa, mke wake nyuma yake anatabasamu. Nikafungua, nikaanza kumpa shikamoo kama inavyopasa.

"Acha salamu," akasema, anapapasa kiti apande. "Kitabu umekileta?"